Dizeli ya lori ilikuwa na bajeti

Hotuba niliyoitoa katika baraza la wakazi, ukumbi wa jamii, Eastlands, Nairobi

Wazee wetu, kina mama, vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha, mheshimiwa mwakilishi wa wadi, chifu wetu: hamjambo? Nimepewa dakika ishirini. Kipaza sauti naona kinakatakata, kwa hivyo kikizima kabisa nitaongea kwa sauti ya soko la Muthurwa na mtanisikia tu.

Waandalizi wameniuliza hivi: watu wasio na makao hapa jijini ni kazi ya nani, kaunti au serikali kuu? Mimi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka kumi na tisa, kwanza enzi za baraza la jiji, baadaye chini ya kaunti. Sasa nimestaafu, nalea wajukuu na kuudhi watu kwenye mikutano kama hii. Swali hilo nimelisikia mpaka naliota. Lakini kabla sijalijibu, twendeni pamoja usiku mmoja.

Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua. Kulikuwa na wageni wakubwa waliotarajiwa mjini, na idara moja, ambayo sitaitaja, iliamua kwamba barabara kadhaa zionekane safi. Safi ya namna gani, mnaelewa. Nikaambiwa niandamane na lori ili ustawi wa jamii nao uwe umewakilishwa. Saa nane za usiku tukafika nyuma ya safu moja ya maduka, kwenye chuom. Vijana wenyewe ndivyo wanavyoita mahali wanapolala. Walikuwa wamelala mstari mmoja, kila mmoja miguu yake ndani ya gunia la sukari, yale ya nailoni ya kilo 50. Kijana wa mwisho alikuwa amevua viatu na kuvifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono visiibwe. Askari alipomshika bega, jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa viatu, kimoja, cha pili. Hakuuliza anapelekwa wapi. Alipanda lori kama mtu anayepanda matatu ya kila siku.

Tuliwashusha mbali, njia ya Thika, kukaribia alfajiri. Siku ya tatu nikamkuta pale pale nyuma ya maduka. Soli ya kiatu kimoja ilikuwa imeachia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Madam, safari hii mlitupeleka mbali kidogo."

Sikuwa na jibu wakati ule. Hata leo sina.

Nimeanza na hadithi inayoniaibisha mimi mwenyewe ili mtu yeyote asidhani nimekuja kupigia kaunti debe. Serikali ya karibu ina macho. Inajua watu wanalala wapi, nani mgonjwa, nani amejifungua juzi, nani ana mama mzazi Murang'a ambaye angempokea kama kungekuwa na nauli na mtu wa kuzungumza naye kwanza. Hayo hakuna mtu wa wizarani anayeyajua. Lakini serikali hiyo hiyo ina mpaka, na mpaka ni kishawishi kikubwa. Mtu akivuka mpaka, tatizo limevuka naye, na ripoti ya mwezi inapendeza. Mnakumbuka Februari 2019: watoto wa mitaani wa Nakuru walipakiwa kwenye lori usiku na kutupwa huko Baringo. Nchi nzima ilikasirika, maseneta wakachunguza, magazeti yakaandika. Mimi nilikasirika pia, lakini sikushangaa. Nilikuwa nimelipanda lori la namna hiyo.

Serikali kuu haina kishawishi hicho. Itamtupa mtu wapi, Uganda? Mwananchi yuko ndani ya mipaka yake popote alipo. Na ndiyo yenye pesa, yenye ardhi kubwa ya umma, yenye uwezo wa kukopa nje. Ila sasa haina macho. Inaona idadi.

Na tuwe wa haki, kuna wakati ilijitahidi kuona. Machi 2003, miezi michache tu baada ya uchaguzi ule uliouingiza madarakani muungano wa vyama wa NARC, uliundwa Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mitaani. Wizara iliyoubeba ni ya Serikali za Mitaa, chini ya marehemu Karisa Maitha. Vijana waliondolewa barabarani, baadhi wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa wakafunzwa ufundi. Wapo waliotoka huko mafundi wa kweli, mmoja amenichomea grili za dirisha na hazijalegea mpaka leo. Wapo pia waliorudi chuom ndani ya mwaka, kwa sababu cheti cha useremala hakikufunguii chumba cha kulala siku unapotoka kambini. Ugatuzi ulipokuja, Wizara ya Serikali za Mitaa ikafa, na ule mfuko ukabaki kwa serikali kuu, upande wa hifadhi ya jamii. Yaani kazi ya mtaani kabisa, kazi ya kujua majina ya watu, iliachwa juu, wakati kanjo, yaani askari wa jiji, maafisa wa ustawi, masoko na mitaro waliteremka kwenye kaunti.

Mfuko huo ndio uliosimamia hesabu ya mwaka 2018, hesabu ya kwanza ya kitaifa ya familia za mitaani. Walipatikana watu 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa hapa Nairobi. Kila mtu wa tatu. Mombasa ilifuata kwa mbali kidogo. Hesabu ile ilikuwa kazi nzuri, naisifu. Lakini niliisoma ripoti nikimtafuta kijana wa viatu, na bila shaka humo ndani alikuwa moja katika elfu kumi na tano.

Sasa tufungue Katiba, maana hapa ndipo mambo yalipochanganyika. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Vizuri. Halafu nenda Jedwali la Nne, linalogawa kazi. Upande wa serikali kuu limeandika "sera ya nyumba". Upande wa kaunti limeandika "nyumba". Basi. Neno moja limeongezwa upande mmoja, na kwenye nafasi kati ya hizo mbili ndipo watu wetu wanapolala. Ukimwendea mtu wa taifa anakuambia sisi ni sera. Ukimwendea wa kaunti anakuambia sisi hatukuletewa fedha. Na wote wawili wanasema kweli, jambo ambalo linaudhi kuliko uongo.

Halafu, kinyume na andiko, wenye kujenga nyumba hasa leo ni watu wa sera. Mnaijua ile tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye anaongeza 1.5. Mahakama Kuu iliitupilia mbali Novemba 2023, ikarudi na sheria yake kamili Machi 2024. Wengine hapa mnaikata kila mwisho wa mwezi mkiuma meno. Mimi siko miongoni mwa wanaosema nyumba zile ni hewa. Nimekwenda Mukuru, ule mtaa wa mabanda, nikazitazama. Mradi wote ni wa nyumba 13,248, na Mei 2025 zilikabidhiwa 1,080 za kwanza. Nimeona mama akifungua bomba la jikoni na kulifunga, kulifungua na kulifunga, kama anayeshuku limeunganishwa na kitu. Bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, pale inalipiwa karibu shilingi 3,900 kwa mwezi, na mwishowe inakuwa yake. Kwa mtu aliyekuwa akilipa kiasi cha karibu na hicho kwa chumba cha mabati, hilo ni jambo kubwa.

Lakini fuateni mlango wa kuingilia. Unajiandikisha kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuombea nyumba hizo. Unahitaji kitambulisho, namba ya KRA, wale wa kodi ya serikali, simu. Kisha unaweka amana. Kisha unalipa kila mwezi bila kukosa.

Nitawaambia kuhusu mama mmoja. Nitamwita Mama Shiru, si jina lake. Alikuwa akilala na mtoto wa miezi mitano kwenye baraza ya duka karibu na Muthurwa. Mali yake yote ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki aliouvaa chini ya gauni: karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, kadi ya kliniki, picha moja. Kitambulisho kilipotea kwenye moto, kibanda chao kiliungua. Nikampeleka kwa chifu, si huyu wetu, chifu wa eneo jingine. Chifu ni mtu wa serikali kuu, mnajua. Akamwuliza vizuri tu, "Unaishi wapi?" Mama Shiru akanitazama. Chifu akatoa kalamu, akaitua. Fomu ina nafasi ya makao, na chifu hawezi kuthibitisha baraza ya duka. Bila makao hapati kitambulisho, bila kitambulisho hapati makao. Tulitoka pale tukanunua chai.

Ndiyo maana nasema nyumba za bei nafuu, hata zikijengwa laki tano, zinamsaidia mtu wa pili kutoka chini. Wa chini kabisa hazimgusi. Ni vizuri kumsaidia wa pili. Akitoka kwenye chumba cha mabati huenda chumba kikapata nafasi. Tatizo ni tunapoitangaza dawa ya wa pili kuwa ndiyo dawa ya wa kwanza.

Na serikali isiyo na macho inaweza kuumiza bila kukusudia. Machi 2020, corona imeingia, amri ikatoka juu: kuanzia saa moja jioni kila mtu awe nyumbani kwake. Nyumbani kwake! Wiki ile nilipokea simu nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Vijana walikuwa wakikimbia rungu kutoka baraza moja hadi nyingine kwa kosa la kutokuwa nyumbani. Mei mwaka ule ule, kule Kariobangi, maelfu ya watu walibomolewa makao huku redio ikiwaambia wananchi wabaki ndani.

Sasa, je, serikali ya karibu na ya mbali zinaweza kufanya kazi pamoja? Tunao mfano, na uko kilomita chache kutoka hapa. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo la mipango maalum. Kaya karibu 100,000. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao wakawapanga wakazi nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, mpaka mpango wa barabara, wa maji, wa choo ukajadiliwa mlango kwa mlango. Mashirika zaidi ya 40 yalikaa meza moja, wengine kwa kununa, lakini walikaa. Mimi nimehudhuria vikao vingi vya serikali maishani, na hivyo vya Mukuru ndivyo pekee ambavyo mwenye kibanda cha mboga alimsahihisha mhandisi na mhandisi akafuta.

Februari 2020 kaunti ikatia sahihi kukabidhi kazi zake kadhaa kwa serikali kuu, ikazaliwa NMS, idara ya serikali kuu ya kuendesha huduma za jiji, chini ya Jenerali Badi. Na lami ikaingia Mukuru, visima, hospitali. Kaunti ilikuwa na mpango mzuri na haina pesa, serikali kuu ikaja na pesa ikaukuta mpango uko tayari. Zile barabara zilikuwa matunda ya pande zote mbili, hata kama kila upande unajipigia kifua peke yake. Halafu, mwaka uliofuata tu, mwisho wa 2021, tingatinga zikaingia Mukuru Kwa Njenga kupisha barabara, na makumi ya maelfu ya watu wakalala kwenye vifusi, mvua ikiwanyeshea. Mukuru ile ile! Tangu hapo mtu akiniambia "serikali kuu ichukue tu kila kitu, ina nguvu", namkumbusha nguvu nazo zina pande mbili.

Wenye umri wangu mnaikumbuka Dandora. Mwaka 1975 serikali ilikopa Benki ya Dunia, baraza la jiji likagawa viwanja, karibu 6,000, kila kimoja na choo na bomba tayari, mwenyewe ajenge vyumba pole pole. Wachache walilalamika ni nyumba za masikini. Leo Dandora imelea vizazi. Juu walileta mkopo, chini walijua nani apewe kiwanja, na mwananchi akaleta mawe. Ila hata Dandora aliye chini kabisa aliingia kama mpangaji wa mwenye kiwanja, si kama mwenye kiwanja.

Kuna nchi imelisuluhisha hili vizuri kuliko wengi, nayo ni Ufini. Binti wa jirani yangu ni muuguzi Helsinki, ndiye aliyenifungua macho, nikaanza kusoma. Miaka ya 1980 waliokosa makao kule walizidi 15,000. Kuanzia 2008 serikali kuu iliandikiana mikataba na miji kumi mikubwa: mji unatoa ardhi na kuajiri wafanyakazi wa ustawi, serikali kuu inaweka nusu ya gharama. Msingi wao ni mtu apewe ufunguo kwanza, mambo ya pombe na kazi yafuate akiwa na mahali pa kuoga. Bweni moja la usiku la Helsinki, lenye vitanda 250, lilivunjwa ndani likawa nyumba 81 zenye milango ya kufunga. Mwaka 2023 waliobaki bila makao nchi nzima hawakufika 3,500. Kisha serikali kuu ikapunguza ruzuku ya kodi ya nyumba, na 2024 idadi ikapanda hadi 3,806. Miji haikubadilika. Juu walikaza mkono, na barabarani ikaonekana.

Msiniambie Ufini ni tajiri. Najua. Sikuja kuomba theluji. Ninachotaka ni ule mkataba.

Nirudi kwa Mama Shiru, maana nusu yenu mnataka kujua yaliyompata. Sisi maafisa tulichanga pesa za chai ya ofisi, tukamlipia chumba Mukuru, elfu tatu kwa mwezi, miezi mitatu. Akaanza kufua nguo za watu mtaa wa Imara Daima. Kitambulisho kikatoka, kwa sababu sasa alikuwa na mahali pa kutaja. Mwezi wa tano akaugua, akapungukiwa. Mwenye ploti hakumfukuza. Alifanya wanavyofanya: aliung'oa mlango. Mama Shiru akalala siku mbili na mtoto kwenye chumba kisicho na mlango, amefunga leso pale kwenye fremu, upepo unaivuta ndani na nje. Alikuja ofisini. Deni lilikuwa shilingi elfu moja na mia tano.

Nikazunguka na hiyo elfu moja na mia tano kama mbu. Kwenye kaunti nikaambiwa hakuna kifungu cha bajeti cha kumlipia mtu kodi, na isitoshe masuala ya kurekebisha familia za mitaani ni ya mfuko wa taifa. Kwenye taifa nikaambiwa yeye sasa si wa mitaani, ana chumba. Mtu mwenye chumba kisicho na mlango! Nililipa mwenyewe, mlango ukarudishwa na misumari yake. Jioni ile nikapitia hesabu za lile lori la mwezi wa saba, kwa sababu nilikuwa na nakala. Mafuta ya safari moja ya njia ya Thika yangeulipia mlango ule mara kadhaa. Dizeli ilikuwa na kifungu chake, kimepigwa muhuri na kutiwa sahihi.

Kwa hiyo jibu langu kwa waandalizi ni hili. Pesa zitoke juu, kwa kila kichwa, na zifuate jina la mtu badala ya kufuata jengo. Matumizi yafanywe chini, kwenye wadi, na afisa mmoja mwenye jina na namba ya simu iliyobandikwa ukutani. Na sharti moja lisilojadiliwa: kaunti inayomvusha mtu mpaka ikatwe pesa za mtu huyo. Hapo kishawishi cha lori kinakufa chenyewe, kwa sababu kijana wa viatu atakuwa amekuja na fedha zake. Chumba cha elfu tatu kwa mwaka mzima ni 36,000. Pigeni hesabu wenyewe mlinganishe na siku za hospitali, seli na malori.

Chifu, usinune, wewe nakutaka uandike barua moja tu: kwamba mtu anaweza kutambuliwa kwa mahali anapolala, hata kama ni baraza ya duka, akiwa na afisa wa ustawi wa kumshuhudia. Wakubwa wako wakikataa, watakataa kwa maandishi, na tutakuwa na karatasi ya kuanzia.

Mheshimiwa, wewe nimekuwekea la mwisho. Jumanne saa nne, hapa hapa, kaunti inakusanya maoni ya bajeti. Kawaida tunakuja watu kumi na wawili, sita kati yetu kwa sababu ya soda. Mwaka huu nitakaa safu ya mbele na daftari, nikitafuta mstari mmoja wa kodi za dharura, hata ukiwa mdogo, hata ukianza na kaya mia. Ukiuleta, nitakushangilia mpaka uone haya. Usipouleta, nitasoma zile risiti za dizeli kwa sauti, na mmesikia wenyewe kwamba sihitaji kipaza sauti.

Chai iko nyuma. Mandazi yamehesabiwa, kwa hivyo anzeni na watoto.